Mkono Mwepesi, Lori Bovu

Siku hizi nasifiwa sana, na sifa zenyewe zinaniudhi. Nikiwa uvunguni mwa lori langu pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, miguu tu ndiyo iko nje, dereva wa basi la Mtwara anapunguza mwendo na kupaza sauti: "Mzee, umekuwa mwepesi! Zamani kazi hiyo ilikuwa inakulaza hapo!" Abiria wanacheka, wauza korosho wanacheka, hata utingo wangu, ninayemlisha mimi, anacheka.

Dereva yule anadhani amenitia moyo. Alichofanya ni kuutangazia ukanda mzima wa pwani kwamba lori langu huvunjika springi kila mara. Wepesi wa namna hii hauuzwi dukani wala haurithiwi. Hupatikana kwa njia moja: uharibikiwe, utengeneze, kisha uharibikiwe tena palepale. Mwenye gari zima hana wepesi wowote. Muulize spana namba 24 iko wapi, naye atakuuliza 24 ya nini. Kwa hiyo ukimsifu mtu kwa kufungua springi haraka umelitukana gari lake, na huku kwetu anayelitukana gari amemtukana mwenyewe, mkewe, na mjomba aliyemkopesha hela ya kulinunulia.

Lori lenyewe ni la tani saba, la Kijapani. Waliolitengeneza hawana deni kwangu. Walitengeneza gari la kusambaza bidhaa mjini, dereva amevaa glavu nyeupe, barabara imefagiliwa. Sisi tumelipakia chumvi, ufuta, korosho, mbao, mabati, na mara mojamoja waalikwa wa harusi za Kilwa Kivinje pamoja na masufuria yao. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Walikuwa watu wa majahazi, malori hawakuyajua. Vinavyotembea huku kwetu, ukiona vinatembea, vimefungwa kwa mpira wa tyubu.

Mwaka wetu una misimu, na kila msimu una ugonjwa wake. Ufuta ukianza kutoka mashambani, kuanzia mwezi wa tano, magunia yanakimbizwa kwenye maghala kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Huo ni msimu wa springi, kwa sababu njia za vijijini zimetoka kuchimbwa na masika na hakuna aliyezifukia. Korosho zinafuata kuanzia mwezi wa kumi, nazo zina vumbi, filta iliyoziba na klachi inayonuka. Kiangazi kikikaza kuna chumvi ya mashamba ya pwani, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Chumvi haivunji kitu mbele ya macho yako. Maji yake yanachuruzika kwenye mbao za bodi, yanashuka kwenye fremu, yanalala juu ya nati, na baada ya muda nati na bolti yake vimefunga ndoa isiyo na talaka. Ukija na spana unaonekana mchonganishi.

Kwa msomaji ambaye Mungu amemwepusha, kubadili jani la springi ya nyuma ni hivi. Unazuia magurudumu kwa mawe, mbele na nyuma. Unalegeza nati za yu-bolti zinazobana springi kwenye ekseli, gari likiwa bado limekaa chini, maana likishakuwa juu ya jeki hutathubutu kuvuta spana kwa nguvu zako zote. Unainua fremu mpaka springi iache kubeba uzito, unaweka gogo chini yake. Gogo la mti mgumu, si tofali. Tofali hupasuka bila kuaga, na aliye chini yake naye hapati nafasi ya kuaga. Unatoa yu-bolti, unagonga pini zitoke kwenye bushi, unashusha fungu zima la majani. Hapo unakutana na senta bolti, kijibolti chembamba kinachoyashika majani yote katikati, na mara nyingi ndicho kilichokatika kwanza kikayaacha majani yahame. Unatoa jani bovu, unapachika zima, unayabana, unapitisha senta bolti mpya, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua. Kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa pembeni na lori litakwenda Lindi kiupande, likiangalia bahari.

Nimekaa uvunguni muda wa kutosha kulichunguza jambo hili kwa makini ya mwanazuoni, na nimegundua kitu ambacho hakisemwi. Mtu wa mara ya kwanza hapotezi muda kwenye nati. Akishaikamata nati anaivuta kwa kasi ileile ya fundi mzoefu, tena kwa hasira zaidi. Muda wake unaliwa na kutafuta. Anatoka uvunguni kutafuta spana, anarudi nayo, kumbe ni 22. Anatoka tena, anarudi na 24 yenye shingo fupi isiyofika. Anatafuta kilichodondoka mchangani. Anatafuta wa kumuuliza kama pini inagongwa kwa ndani au kwa nje, anapata watu wanne wenye majibu matano. Mwishowe anakaa kitako kufikiri, na kufikiri ndiko kunakokula saa kuliko yote hayo, hasa ukiwa njia ya Liwale, mbele ya Njinjo, jua la saa saba, maji yamebaki ya rejeta tu.

Kinachofanywa na kurudia ni kuzifuta hizo safari. Leo kabla sijaingia uvunguni natandika gunia na kupanga vifaa kwa zamu zake toka kushoto: spana ya yu-bolti, bomba la kuongezea urefu, nyundo kubwa, kipande cha pini ya zamani cha kusukumia pini, kopo la maziwa lenye senta bolti za akiba. Nikinyoosha mkono, utingo ananiwekea kinachotakiwa bila mtu kusema neno. Wapita njia wanadhani tumenuniana. Kwa kiasi fulani ni kweli. Nati zinazokula chumvi nazipaka dizeli na oili chafu usiku wa kuamkia safari, zikiwa hazijaniomba kitu. Pini najua inataka kugongwa wapi na kwa mlio gani, na mlio ukibadilika najua imeachia. Hayo yote hakuna aliyenifundisha. Lori lenyewe lilinifundisha, kwa kugoma, na ada nililipa papo hapo.

Jambo hili lina hesabu yake, na aliyeiandika alikuwa mtu wa ndege. Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, T. P. Wright, ambaye si mmoja wa wale ndugu wawili wa ndege ya kwanza, alichapisha alichokiona kwenye utengenezaji wa ndege: kila idadi ya ndege zilizokwisha kuundwa inapofika maradufu, kazi ya kuunda ndege moja hupungua kwa kiasi cha asilimia 20. Habari njema, utasema. Hebu ishushe uvunguni uone. Chukua springi ya kwanza imekula saa 10. Ya pili itakula saa 8. Ya nne, saa 6 na dakika 24. Ya nane, saa 5 na ushei. Ya kumi na sita, saa 4 na ushei. Mtego umeuona? Mwanzoni springi moja tu ya ziada ilikupa saa mbili nzima. Sasa ili uokoe saa moja unatakiwa uvunje springi nane. Ukitaka kuokoa nyingine, ambayo hata saa haifiki, vunja kumi na sita.

Wright na wenzake walikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu kila ndege waliyoirudia iliuzwa. Mimi kila ninachokirudia nakinunua. Bei ya jani moja la springi kwa sasa siiandiki hapa, mama watoto husoma safu hii.

Wala si mimi wa kwanza Kusini kulipia mazoezi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mpango wao mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake, na mitambo mingi waliyoileta ilikuwa ya mtumba, mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 wakaufunga, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Wataalamu wameandika vitabu vizito kueleza kilichoharibika. Mimi nikisikia mahali pale pamoja na neno mtumba sihitaji kitabu. Nahurumia tu waliokuwa uvunguni.

Na kabla yao, Lindi ilisafirisha mzigo ambao mimi sijawahi kuukaribia, tena bila gurudumu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, wakaenda na kurudi, mzigo wote ukapita tani 200. Mjusi mmoja wa huko mpaka leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, na watu wana haki ya kuuliza atarudi lini. Ila mimi, ugonjwa wangu unanipeleka kwenye springi. Tani 200 na hakuna springi hata moja iliyovunjika. Zilizochakaa ni shingo na migongo ya watu, na hizo hata kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, huzipati. Nikikumbuka hilo huwa naacha kulalamika, mpaka jeki ianze kuvuja.

Halafu kuna suala la mtaala, ambao sikushirikishwa kuupanga. Anayenichagulia somo ni barabara. Wazee waliokuwa wakitoka Dar es Salaam kuja Lindi kabla ya lami walibobea kwenye mambo mawili, kunasua na kusubiri. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003. Na ukishavuka, kilikusubiri kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 ambazo ndizo zilikuwa za mwisho kupata lami. Masika yakikolea lori lililala hapo, dereva akalala, utingo akalala, nyanya zikaoza. Kuna mzee mmoja wa Kivinje aliyeendesha enzi hizo, akinikuta na springi yangu hunitazama kwa huruma. "Mwanangu," husema, "sisi tulikuwa tunashusha mzigo wote, tunalikwamua, tunalivusha, tunapakia upya, na futari tunafuturu ng'ambo." Habari ya futari siiamini. Ya kushusha mzigo naiamini, maana mabega yake mpaka leo hayalingani.

Lami ilipofika, fani yake ikafa. Nani tena alimhitaji mtu anayejua tawi la mti gani linabeba tairi kwenye tope na la mti gani linameng'enyeka? Hata mimi nikaanza kuona fani yangu inafifia, maana lami nzuri inaonea springi aibu. Spana ya 24 ilianza kushika kutu. Siku za neema zile! Nilikuwa mzembe, mnene na mwenye furaha.

Kisha ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zake, barabara ikakatika Somanga, ikakatika Mikereng'ende, Kusini na Dar es Salaam zikaachana kwa siku kadhaa. Malori yakapanga foleni pande zote mbili, na waziri wa ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, akapiga kambi huko. Kwenye foleni madereva wa zamani waligeuka maprofesa ghafla. Vijana wenye malori mapya, kiyoyozi ndani, kitanda ndani, waliwazunguka kuwauliza lori linatolewaje kwenye tope bila kukata propela. Fani iliyokufa ilifufuka kwa wiki moja, ikalipwa kwa chai na sigara, ikafa tena. Mimi iliyofufuka ni yangu, na haijafa mpaka leo. Njia zilipofunguliwa kwa mawe na vifusi, springi zilikumbuka wajibu wao.

Na usidhani ubingwa huu unaenea. Kurudia hufundisha kile kilichorudiwa na hakuongezi hata inchi pembeni. Kutoa upepo kwenye dizeli, hapo usinichezee, maana mafuta ya madumu ya vijijini huja na maji, mchanga, na safari moja kipande cha jani la mkorosho. Nabadili filta, nalegeza kile kiskrubu kidogo, nasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, nakaza. Likiendelea kugoma nalegeza nati za mabomba ya noziri, utingo anapiga stata, dizeli ikianza kuruka nakaza moja baada ya nyingine. Mwanangu wa shule ya msingi anaweza kukueleza kwa kusikiliza tu ni bomba lipi bado lina upepo. Lakini njoo kwenye waya. Taa ya kuonyesha kushoto ikigoma, mimi na lori tunatazamana. Njoo kwenye gia boksi, ambayo hufa mara chache sana, na kwa sababu hiyo kila ikifa nakuwa mwanafunzi wa chekechea mwenye mvi. Lori langu linalijua hili. Likiona nimelimaliza somo, hupumzika kidogo, kisha hufungua ukurasa ambao sijausoma.

Watoto wananionyesha kwenye simu magari ya Formula 1. Oktoba 2023, kwenye mashindano ya Qatar, timu ya McLaren ilibadili matairi manne ya gari la Lando Norris kwa sekunde 1.80. "Baba, umeona?" Nimeona. Nimeona kundi zima la watu limelizunguka gari moja, kila mmoja na kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyetumwa kurudi dukani. Nimeona kila gurudumu lina nati moja tu. Gurudumu langu la nyuma lina tairi mbili, nati sita za nje na sita za ndani, na kati ya hizo ipo moja isiyo ya ukoo huu. Zaidi ya yote, nimeona wale jamaa wanafanya mazoezi gari likiwa zima! Wanalisogeza, wanafungua, wanafunga, wanarudia kutwa, wakichoka wanakwenda kula. Hebu na mimi nijaribu siku ya Ijumaa baada ya swala, lori ni zima, limepaki uani, niingie chini nifungue springi isiyo na tatizo kwa ajili ya mazoezi. Kabla sijatoa yu-bolti ya pili mama watoto atakuwa ameshawapigia simu kaka zangu waje wanipeleke kwa mganga.

Wepesi wenyewe, ukishaupata, unakutia hasara. Jirani yangu mwenye kilori cha kubebea samaki aliniletea springi yake. Nikamaliza, nikamtajia bei. Akashika kiuno. "Kaka, muda wa chai tu huu, unataka elfu hamsini?" Nikamwambia fundi wa mbele angeshinda nayo mpaka Magharibi. "Ndiyo," akasema, "lakini huyo angetoka jasho." Hivyo ndivyo tulivyo. Nikichelewa naonewa huruma na kuletewa maji ya kunywa, nikiwahi napunjwa. Ipo gereji moja ukanda huu, sitaki kusema wapi, ambayo fundi wake akimaliza kazi hubaki uvunguni kwa makusudi. Anapata usingizi wake vizuri, na kila baada ya robo saa kijana wake anagonga chuma kwa nyundo ili mwenye gari asikie pesa yake inafanya kazi. Huyo ana nyumba ya bati la rangi. Mimi nina pongezi za dereva wa basi.

Majirani wengine hawaniletei malori. Wananiletea pikipiki, mashine za kukoboa, pampu za kisima, na mara moja cherehani. Nikieleza kwamba ubingwa wangu ni springi za nyuma za tani saba, wanasema, "Mzee, kwako wewe hii ni dakika mbili." Kumbe kila dakika ninayoiokoa barabarani imeshapangiwa kazi mtaani. Nilipokuwa nashinda uvunguni kutwa nilikuwa na udhuru wa kutokwenda vikao vya harusi. Sasa nawahi kurudi, na nimechaguliwa mweka hazina.

Utingo naye amekuja na lake. Ameniambia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti bila kuwaanzisha upya. Ni kweli, na ni jambo jema, na yeye nimemwambia aende. Kwangu mimi naona tabu kujieleza. Uzoefu umeupata kwenye magari mangapi? Moja. Moja tu? Moja tu, ila limekuwa na maradhi ya gereji nzima. Hapo sijui nitapewa cheti au pole.

Mama watoto, aliyeolewa na mimi kabla ya lori na kwa hiyo ana kitu cha kulinganishia, ananiambia kila siku haraka haraka haina baraka. Kwa jambo moja namkubalia. Kukaza sikuharakishi. Kufungua unaweza kukimbia, kutafuta unaweza kukufuta kabisa, lakini yu-bolti zinakazwa kwa zamu, huyu kidogo na mwenzake wa pili kidogo, mpaka zilingane. Kisha, na hapa ndipo vijana wengi huona mzee anazeeka vibaya, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo unarudi chini na kukaza tena, kwa kuwa majani yamekaa na nafasi imeongezeka. Nati za magurudumu nazo hivyohivyo, unakwenda kilomita chache, unasimama, unazipitia. Dakika zote ninazoziiba kwenye kazi nazilipa hapo. Asiyezilipa atazilipa Kiranjeranje saa nane usiku, akitafuta kwa tochi gurudumu lililomtangulia.

Baada ya kuyapima haya yote nimeamua kuliuza. Wiki iliyopita alikuja mteja toka Lindi mjini, kijana mstaarabu, shikamoo yake ya mikono miwili. Akalizunguka lori, akapiga tairi teke, akafungua boneti na kutikisa kichwa kwa namna ambayo wateja wote hutikisa hata wakionyeshwa jipya. Tukalijaribu kidogo barabara ya Kivinje, likaenda vizuri, nikaanza kumpenda. Tunarudi, tuko karibu na nyumbani, pakasikika kishindo nyuma. Sikuhitaji kushuka ili kujua. Senta bolti.

Nikashuka. Utingo alikuwa ameshatandika gunia. Gogo, jeki, 24, bomba, nyundo, kopo la maziwa, hakuna aliyeongea. Mteja alijisogeza kwa mama lishe, akaagiza chai na chapati. Chapati ya pili haijaisha, sisi tunanawa mikono kwa dizeli na lori limesimama wima.

Kijana alikuja taratibu, akanitazama mikono muda mrefu kuliko alivyolitazama lori. "Hongera sana, mzee wangu," akasema. "Kazi ya namna hii sijawahi kuona." Nikanyamaza kwa heshima. "Sasa naomba upunguze milioni mbili."

"Kwa lipi? Si limepona?"

"Limepona, mzee wangu. Lakini mikono hiyo haikujifunzia kwenye gari zima."

Nikakosa la kusema, na utingo, ninayemlisha mimi, akageukia baharini mabega yakimtetemeka. Kijana akaona nimeumia, akataka kunipoza. Akasema ipo njia ya kunipa bei yangu yote bila kupungua shilingi: lori liende Lindi, na mimi niende nalo.

Nimemkatalia. Lori bado linauzwa, karatasi zake ziko safi, bei inazungumzika. Jeki na gogo natoa bure, utingo mtakubaliana naye wenyewe. Mimi simo.